"Shekhe, mimi siingizi kifuani": vepu, namna ya kuvuta, na swaumu



Ndugu zangu katika imani, na hasa nyinyi vijana mnaosoma haya mmelala chali simu iko juu ya uso, leo naomba mnivumilie, maana maneno ni marefu.

Tangu Ramadhani ipite, nimekuwa nikipokea swali moja lenye sura nyingi. Mmoja ameniandikia: "Shekhe, mimi vepu napiga pafu la mdomoni tu, siingizi kifuani. Swaumu yangu ipo?" Mwingine anasema: "Mimi natumia ile ya mawingu makubwa, nikotini yake ni ndogo, si afadhali yangu kuliko mvuta sigara?" Wa tatu ni mama. Amekuta kwenye begi la skuli la mwanawe kitu kama kalamu nene, kinanukia embe, na mtoto amemwambia, "Mama, huu ni mvuke wa maji tu, wala simezi."

Ukiyatazama maswali yote matatu, utaona yamesimama juu ya nguzo moja: namna ya kuvuta. Kila mmoja anaamini kuwa namna yake ndiyo iliyomtoa kwenye lawama. Kwa hiyo hatuwezi kuwajibu kwa kusema "haramu" na kufunga mlango. Lazima tuingie ndani ya pafu lenyewe tulione linakwenda wapi.

Kuna wazee wenzangu wamenishauri nisiyaeleze haya hadharani, wakisema nitawafundisha watoto wasichokijua. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Watoto wanakijua. Wamefundishwa na video za kwenye simu, tena na walimu wenye bidhaa ya kuuza. Asiyejua ni baba yake, na mimi naandika zaidi kwa ajili ya baba.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya vepu kuna betri, kuna waya mdogo uliosokotwa unaoitwa koili, na kuna pamba iliyolowa kimiminika. Ukivuta au ukibonyeza, koili inapata moto na kimiminika kinapanda kama ukungu. Kimiminika hicho kwa kawaida ni propilini glaikoli na glisirini, vitu viwili vizito kidogo, vyenye utamu, pamoja na kemikali za kutia ladha, na mara nyingi nikotini. Anayehesabiwa kuwa mbunifu wa kifaa hiki cha kisasa ni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, naye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara. Kile unachokiona kikitoka mdomoni si maji yaliyochemka kama ya birika. Ni matone madogo mno ya kimiminika kile. Neno hili "matone" likumbukeni, nitalirudia kwenye fiqhi.

Sasa namna za kuvuta. Ipo ya kwanza, inayofanana na sigara: unavuta polepole, ukungu unajaa mdomoni, unatulia kidogo, kisha unaushusha kifuani kwa pumzi ya pili. Vifaa vya namna hii ni vidogo, tundu lao la hewa ni jembamba, na kimiminika chake mara nyingi kina nikotini kali. Ladha inaonekana zaidi kwa sababu ulimi unapata muda. Ipo ya pili, inayofanana na shisha: unafungua kifua na kuvuta moja kwa moja mpaka mapafuni kwa pumzi moja ndefu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kupanda ngazi, ila kinyume chake. Hapa tundu ni pana, koili inapokea umeme mwingi, kimiminika kinaliwa haraka, na ndipo mnapoona yale mawingu yanayojaza chumba. Nikotini kwenye chupa huwa ni ndogo, miligramu 3 au 6 kwa kila mililita, kwa sababu kali zaidi ya hapo ingemchoma koo. Ipo na ya tatu, hii ya muulizaji wetu wa kwanza: ukungu unaingia mdomoni, unachezewa mashavuni, na unapulizwa nje bila kuteremshwa kwa makusudi.

Nimesema "kwa makusudi" nikijua ninachosema. Jaribu kujaza mdomo ukungu halafu ukae bila kupumua. Utapuliza, sawa, lakini pumzi inayofuata unaivuta kupitia mdomo na koo lile lile ambalo bado lina mabaki. Maji ya kusukutua una uwezo wa kuyatema yote. Ukungu hautemwi wote. Na anayefanya hivyo mara mia kwa siku, kisha akaniambia hakuna hata kidogo kilichopita, mimi namwambia ndugu yangu, hilo hulijui wewe wala silijui mimi, analijua aliyeliumba koo lako.

Tena tuzungumze kuhusu hilo koo, kwa sababu hapa ndipo penye siri kubwa ya biashara hii. Allah (S.W.) ameweka mlinzi kwenye koo la binadamu. Mtoto akivuta sigara kwa mara ya kwanza anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Huyo ni mlinzi anapiga kelele. Nikotini ya kawaida inawasha koo, na ukiizidisha mtu hawezi kuivuta. Watengenezaji wakatafuta njia ya kumlaza mlinzi. Wakachanganya nikotini na asidi, kama ile ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini, laini, haikwaruzi. Kampuni ya Juul ya Marekani ilipoingia sokoni mwaka 2015 ilikuja na kitu hiki, na kidonge chake kimoja kidogo, kisichofika hata mililita moja, kampuni yenyewe ilikifananisha na paketi nzima ya sigara. Paketi nzima, na koo halijakohoa.

Kwa hiyo mwanangu unayetumia kile kidogo cha adabu, kisichotoa moshi mwingi, unachokificha kwenye kiganja, usijipime kwa ukubwa wa wingu. Chukua hesabu rahisi. Kimiminika cha miligramu 50 kwa mililita, kikiwa mililita 2, kina miligramu 100 za nikotini. Sigara moja humwachia mvutaji mwilini miligramu moja au mbili hivi. Si kwamba zile 100 zote zinaingia mwilini mwako, la. Lakini umeiona ndoo unayochotea. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita. Geuza boksi la chako usome, kama kuna kilichoandikwa.

Na wewe wa mawingu usicheke. Nikotini yako kwa mililita ni ndogo, kweli, lakini unateketeza kimiminika kingi zaidi, na unakituma mahali papana zaidi. Mapafu ya mtu mzima yakikunjuliwa yanafika mita za mraba 70 hivi, pana kuliko sebule nyingi za nyumba zetu, na utando wake ni mwembamba kwa sababu kazi yake ni kupitisha hewa kwenda kwenye damu. Nikotini iliyofika huko inagonga ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20. Ukiivuta kwa kina zaidi na kuibana zaidi, yale matone yanapata muda wa kutulia humo ndani. Halafu kuna jambo lingine ambalo watu wa mawingu hawalizingatii: mwili uliozoea kiwango fulani cha nikotini unakidai. Ukipunguza kwenye chupa, mtu anavuta mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi bila kujua, ili afidie. Pafu likiwa refu koili inazidi moto. Pamba ikikauka mtu anapata lile pafu lenye ladha ya kuungua, na hapo kimiminika kinaanza kuvunjika na kutoa formaldehaidi na wenzake. Maiti huhifadhiwa kwa dawa yenye formaldehaidi. Sitii chumvi, ndivyo ilivyo.

Watasema: "Lakini ladha hizi ni za chakula, ziko hata kwenye biskuti." Tumbo si pafu, ndugu yangu. Miaka ya 2000 ilipoanza, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi kule Missouri, Marekani, walikutwa na ugonjwa wa kuziba vijinjia vidogo vya mapafu, na ikafuatiliwa mpaka kwenye diasetili, kemikali ya kutia harufu ya siagi. Kuila hakukuwadhuru walaji, kuivuta ndiko kulikowaumiza wale maskini. Na mwaka 2019 huko huko Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitali au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na mpaka Februari 2020 waliofariki walikuwa 68. Lazima nisimame na uadilifu hapa: wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya magendo, na kilichotiliwa nguvu ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa humo. Vitamini E! Ile ile akina mama wanayoijua kwenye mafuta ya ngozi. Ikishuka pafuni mambo ni mengine.

Sasa twende kwenye swaumu, maana najua kuna waliorukaruka mpaka hapa.

Wengine wanadhani sheria yetu haina habari na namna ya kuvuta. Si kweli, ina habari nayo sana. Mtume (S.A.W.) alipomfundisha Laqit bin Sabira (R.A.) udhu, alimwambia apandishe maji puani kwa kina, isipokuwa anapokuwa amefunga. Tazameni hapo. Maji ni yale yale, pua ni ile ile, ibada ni ile ile, lakini kina cha kuvuta kimebadilisha jambo kwa aliyefunga. Kwa hiyo kijana anayeniuliza kuhusu mdomo na kifua hajauliza upuuzi. Ameuliza swali la fiqhi, na anastahili jibu la fiqhi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kinachofunguza ni kitu chenye dhati yake kufika ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi, kwa makusudi, na mtu anajua amefunga. Mdomo wenyewe unahesabiwa kuwa ni nje. Ndiyo maana unasukutua na swaumu ipo. Mafaqihi wamechimba mpaka wakajadili mpaka wa nje na ndani ya koo kwa kutaja zinapotokea herufi za koo, zile mlizochapiwa viboko madrasa mkijifunza makharij. Kwa hiyo muulizaji ana sehemu ya hoja, nami sitamdhulumu: ukungu ukiingia mdomoni ukatoka wote, na hakuna kilichovuka mpaka ule, basi kwa kanuni hiyo tupu swaumu haijaharibika.

Lakini kanuni tupu haivuti vepu. Anayevuta ni wewe, una mate. Wanazuoni wetu wamesema mate safi ya mtu akiyameza hayamfunguzi, lakini yakichanganyika na kitu kingine kisha akayameza kwa makusudi, yanamfunguza. Na nimewaambia ukungu ule ni matone ya kimiminika chenye glisirini na ladha. Yanatua kwenye ulimi, kwenye ufizi, ndani ya mashavu. Ndiyo maana unasikia embe! Lile embe unalolisikia dakika tano baadaye ni lipi, kama si kitu kilichobaki mdomoni? Na mate unayameza. Labda uniambie kila baada ya pafu unasukutua na kutema, na hilo sijaliona kwa mvutaji yeyote.

Kuna atakayeuliza: na nikotini inayopenya kwenye ufizi bila kumezwa? Hiyo peke yake nisingeifanyia hoja, kwa sababu kinachonyonywa na vinyweleo vya mwili hakihesabiwi kuwa kimeingia kwa tundu lililo wazi, na mafuta ya mwilini hayamfunguzi mtu. Hoja yangu iko kwenye mate na kwenye pumzi, siiongezei isichokuwa nacho.

Ama anayeshusha kifuani, kwa namna ya sigara au ya mawingu, huyo hana mjadala kwangu. Na kuna kisa chenye faida kubwa kwenye vitabu vyetu. Tumbaku ilipofika nchi za Kiislamu, karibu na mwaka 1000 Hijria, ilikuwa kitu kigeni, na mashekhe walikuwa hawajaijua hali yake. Sheikh Ziyadi, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi'i wa Misri, mwanzoni alikuwa akitoa fatwa kwamba moshi wake haufunguzi. Kisha akaonyeshwa mwanzi uliokuwa ukivutiwa. Akatazama ndani yake, akaona athari iliyoganda kwenye kuta za mwanzi. Akarudi kwenye fatwa yake na kusema unafunguza, kwa sababu imedhihirika kuwa kinachopita ni kitu chenye dhati, si hewa. Wanazuoni wa baada yake wameinukuu hiyo.

Subhanallah, mwanzi mmoja tu! Hakuwa na darubini wala maabara. Aliangalia kinachobaki njiani akajua kinachofika mwisho wa njia. Wewe chukua kile cha kuvutia cha vepu yako, kile kipande cha mdomoni, kifute kwa karatasi nyeupe baada ya siku moja. Kile kinachonata kwenye karatasi ndicho kinachonata ndani yako. Sheikh Ziyadi asingehitaji kufikiri mara mbili.

Kuhusu hukumu yenyewe nje ya Ramadhani sitarefusha. Wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya tumbaku: Ibrahim al-Laqani wa Misri aliandika kuwatahadharisha watu nayo, na Abdul Ghani an-Nabulsi wa Damascus aliandika kuihalalisha. Wote ni mabahari, Allah awarehemu. Lakini aliyeihalalisha hakuwa na mbele yake wodi za saratani. Sisi tunazo. Sheria inayokataza kudhuru na kudhuriana haiwezi kunyamaza baada ya madhara kujulikana. Kwa asiyekuwa mvutaji kabisa, kijana wa kidato cha pili aliyeanza kwa sababu ya ladha ya embe, mimi sioni mlango wowote wa kumruhusu, avute kwa mdomo, kwa kifua au kwa masikio.

Yupo mtu mmoja ambaye naongea naye kwa sauti nyingine. Ni mzee wa sigara miaka 20, anataka kuacha, na ameambiwa vepu itamsaidia. Huko Uingereza mamlaka za afya zenyewe zinaitumia kwa kazi hiyo, na zinasema madhara yake ni machache kuliko sigara inayoungua, kwa kuwa hakuna lami wala ile hewa ya sumu ya kaboni inayotoka kwenye tumbaku inapoungua. Nchi hiyo hiyo, tangu Juni 2025, imepiga marufuku zile za kutumia na kutupa, ambazo watoto walikuwa wanazikimbilia. Wameona pande zote mbili, na sisi tunaweza kuona vilevile. Fiqhi inaijua kanuni ya kubeba dhara jepesi ili kuondoa zito. Lakini dhara jepesi linabebwa kwa safari yenye mwisho. Ukiwa wewe ndiye huyo, muone daktari kwanza, uulize pia plasta na ubani wa nikotini. Ukiishia kwenye vepu, usihamie kwenye mawingu na mashindano ya moshi, maana hapo umehama nyumba tu. Shusha nguvu ya kimiminika kwa hatua, na jichunge usifidie kwa kuvuta zaidi. Kukiwa na sigara mfuko huu na vepu mfuko ule, unazitumia zote mbili, hiyo siyo tiba tena. Na Ramadhani ilishakuonyesha kwamba unaweza kukaa saa 13 mchana kutwa bila pafu hata moja na hukufa.

Mama yangu uliyekuta kalamu kwenye begi: usiitupe jalalani kimyakimya ukadhani umemaliza, na usimpige. Kaa naye. Muulize anavuta ipi, ya kidogo au ya mawingu, mara ngapi, akiamka asubuhi anaitaka kabla ya chai au hapana. Akiitaka kabla ya chai, ujue mwili umeshafungwa kamba, na huyo anahitaji msaada zaidi ya maneno. Muulize pia nani anamuuzia. Hilo la mwisho liletee wazazi wenzako na uongozi wa skuli, kwa sababu muuzaji hana mteja mmoja.

Na wewe kijana wa swali la kwanza. Siku ulizoshusha kifuani mchana wa Ramadhani ukijua umefunga, zilipe zote, na ulete toba, maana ulifungua bila udhuru. Siku ulizovuta mdomoni tu na kumeza mate yenye ladha yake, nazo zilipe. Kama ulidhani kwa dhati kuwa haifunguzi, hilo linakupunguzia dhambi kwa Mola wako, lakini mimi nakushauri ulipe kwa kuchukua tahadhari ya dini yako. Kama hukumbuki idadi, kadiria mpaka moyo utulie kuwa hazizidi hapo, kisha anza na Jumatatu hii. Ukipata uzito, niandikie tena pembeni au nisubiri msikitini baada ya Isha. Sitakutaja jina.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.